Historia ya kulala ndani ya bato: toka Butiaba mpaka Kasenyi



Mwezi uliopita tulipata barua ya rafiki mmoja wa ushirika wetu, mzee anayeishi Ulaya na ambaye wengi wenu munamjua kwa mashine za kushona alizotutumia. Anafikiria kuja kutusalimia hapa Rughenda. Ndege ndogo zinazoshuka kwenye uwanja wetu anaziogopa, na sisi hatumlaumu. Akauliza hivi: akifika Entebbe, hakuna bato ya watalii yenye vyumba, alale usiku moja ao mbili juu ya Nile na ziwa Albert, kisha avuke upande wa Kongo na kuja polepole mpaka Butembo? Alisema aliwahi kusoma kwamba safari hiyo ilikuwepo.

Barua ilisomwa katika kikao cha komite. Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Lakini mama mmoja kati ya washauri wetu hakucheka. Alisema: "Mimi nililala ndani ya bato kule kule. Usiku mbili. Sikulipa chumba." Kisha akanyamaza, na kikao kikaendelea na hesabu za mbuzi.

Sisi wa timu ya kazi za nje hatukuweza kuisahau ile sentensi. Tukaanza kutafuta, katika vitabu tulivyosoma zamani kwenye chuo na kwa kuuliza wazee. Tuligundua kwamba rafiki yetu hakukosea. Safari ya kulala juu ya maji kati ya Uganda na Kongo ilikuwepo kweli, na ilikuwa na sifa duniani. Mama yetu pia hakukosea. Njo maana tunaandika historia hii.

Kwanza tukumbushe maji yenyewe yanatoka wapi. Milima yetu ya Butembo na Lubero imesimama kwenye mpaka wa mito miwili mikubwa ya Afrika. Mvua inayonyesha upande wa mashariki inashuka bondeni kwenye Semliki, mto unaotoka ziwa Edouard, unapita chini ya Rwenzori, unaingia ziwa Albert, na toka pale maji yanakuwa Nile mpaka Misri. Mvua inayonyesha upande wa magharibi inaingia katika mito ya msituni, inafika mto Kongo, na inaishia Atlantiki. Kwa hiyo mtoto wa hapa akimwaga maji ya kuoga, inategemea tu upande gani wa kilima. Semliki yenyewe haipandwi na bato toka ziwa mpaka ziwa. Ziwa Edouard liko juu ya usawa wa bahari kwa mita kama 910, Albert kama 620, na ile tofauti ya karibu mita 300 mto unaishuka kwa kuruka mawe. Mtu wa Beni anayetaka bato lazima aende mpaka ziwani, Kasenyi ao Tchomia, upande wa Bunia.

Watu wa ziwa walivuka zamani sana kabla ya mzungu yeyote. Wanyoro wanaliita Mwitanzige, maana yake muuaji wa nzige. Kwenye ufuko wa mashariki kuna Kibiro, kijiji ambacho wanawake wake wanatengeneza chumvi kwa kuchuja udongo, na chumvi ile ilivuka kwa mitumbwi mpaka upande wetu. Babu zetu Wanande nao walishuka milimani kuchukua chumvi ya Katwe. Kuvuka kwa ajili ya chumvi ni kazi ya mchana. Mwenye mtumbwi anaangalia upepo asubuhi, anapiga kasia, anafika kabla ya giza. Hatukusikia mzee hata mmoja akisema kwamba watu wa zamani walipenda kulala katikati ya ziwa.

Samuel Baker, Mwingereza, alifika ufukoni tarehe 14 mwezi wa tatu 1864 pamoja na mke wake Florence. Akalipa ziwa jina la mume wa malkia wake aliyekuwa amekufa, na maporomoko makubwa ya Nile akayapa jina la Murchison, mkubwa wa chama cha jiografia cha London. Kwa desturi ya watu hao, mahali palipokuwa na jina pakapewa jina.

Bato za moshi zilifuata miaka kidogo baadaye, na hapa tunaomba msomaji asimame kidogo, sababu jambo hili litarudi. Nile ina maporomoko kati ya Juba ya leo na Nimule, na bato haiwezi kupita. Basi ilivunjwa vipande vipande na kubebwa na watu kwenye mabega, halafu ikaunganishwa upya juu ya maporomoko. Ndivyo bato mbili za serikali ya Misri, Khedive na Nyanza, zilivyofika ziwa Albert. Ndani ya Khedive ndimo Emin Pasha alimofika mwezi wa nne 1888 kukutana na Stanley upande wetu wa ziwa, huku Stanley akiwa ametoka kwenye msitu wa Ituri na kuacha nyuma wapagazi wengi waliokufa kwa njaa na magonjwa. Vitabu vinaeleza sana chupa za divai walizokunywa jioni ile. Wapagazi waliolala chini wanapata mistari michache.

Mwaka 1910, mwezi wa kwanza, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani, alifika Butiaba kwa miguu, akapanda mashua na kushuka Nile kwenda kuwinda vifaru weupe katika nchi ya Lado. Wakati ule Lado ilikuwa bado inahesabiwa chini ya mfalme Léopold wa Ubelgiji, aliyekufa mwezi uliotangulia. Baada ya kifo chake Lado ilirudi kwa Waingereza, lakini Wabeleji wakabakiza Mahagi na kipande cha ufuko ili nao wawe na mlango kwenye ziwa. Mahagi-Port ilitoka pale. Mipaka tunayovuka leo na mabegi kichwani ilipangwa namna hiyo, mezani, kwa kufuata nani anahitaji bandari.

Kuanzia miaka ya 1920 na 1930 ndipo ile safari ya rafiki yetu ilipozaliwa. Serikali ya reli ya Waingereza katika Afrika ya Mashariki ilikuwa na bato kwenye kila maji. Mtalii, ao mtumishi wa serikali anayekwenda likizo, alitoka Mombasa na treni, akavuka ziwa Victoria na bato, akashuka Jinja. Toka Jinja treni ndogo ya Busoga, iliyofunguliwa 1912, ilimpeleka Namasagali. Pale alipanda bato yenye gurudumu nyuma, akapita ziwa Kyoga na malela yake mpaka Masindi Port. Gari likampeleka Butiaba, juu ya mteremko mkali unaoonyesha ziwa lote. Toka Butiaba bato nyingine ilimvusha ziwa na kushuka Nile mpaka Nimule, akapita maporomoko kwa gari, akapanda bato ya Sudani kule Juba, na baada ya masiku mengi ya matete na viboko akafika Khartoum, halafu Misri. Misri yenyewe ilikuwa imekwisha kuzoea. Thomas Cook alipeleka watalii wake wa kwanza kwenye Nile mwaka 1869, na kampuni yake ikawa na bato nyingi kiasi kwamba jeshi la Uingereza lilizitumia mwaka 1884 kupeleka askari kumwokoa Gordon.

Kwenye ziwa Albert malkia wa bato zote alikuwa Robert Coryndon. Ilitengenezwa Uingereza mwaka 1929, ikaja vipande vipande kama dada zake wa zamani, safari hii kwa meli, treni na gari badala ya mabega tu, ikaunganishwa Butiaba na kuanza kazi 1930. Ilizunguka ziwa, ikagusa na bandari za upande wetu, Kasenyi na Mahagi-Port. Mzungu aliyeshuka Kasenyi alipata gari la kumpeleka Irumu, na toka Irumu barabara ya msitu, Mambasa, Epulu, mpaka Stanleyville. Epulu alikuwepo Mmarekani mmoja, Patrick Putnam, aliyefungua nyumba ya wageni kando ya mto na kuwaonyesha watalii maisha ya Wambuti. Kwa hiyo barabara ileile ya Komanda na Mambasa ambayo leo tunaipita tukiomba Mungu, nyuma ya magari ya askari, ilikuwa imeandikwa katika vitabu vya likizo.

Juu ya bato hizi kulikuwa na madaraja. Vyumba vyenye vitanda na vyandarua vilikuwa vya Wazungu. Chini, kwenye sakafu ya chuma na pembeni ya kuni na pamba, walilala wengine wote. Wengi walikuwa vijana wa West Nile waliokwenda kutafuta kazi katika mashamba ya miwa kule Busoga na Buganda. Wao pia walikuwa wanasafiri nje ya kwao, wao pia walilala usiku juu ya mto wakiangalia nyota, lakini hakuna aliyewaomba waandike kitabu.

Waliotoa sifa kubwa kwa Butiaba ni watu wa sinema. Mwaka 1951 John Huston alikuja kupiga picha ya The African Queen, na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Walianza Kongo, kwenye mto Ruiki upande wa Stanleyville, kisha wakahamia Uganda, kwenye ziwa Albert na Nile chini ya maporomoko. Uganda walilala ndani ya bato ya zamani, Lugard II, iliyofungwa ufukoni kama hoteli. Wengi waliumwa tumbo, Hepburn mwenyewe vibaya sana. Huston na Bogart hawakuumwa, na walisema ni kwa sababu walikunywa whisky badala ya maji. Kule kwenye kambi sisi tulifundisha kuchemsha maji, ni rahisi zaidi.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 23 mwezi wa kwanza 1954, ndege ndogo iliyombeba mwandishi Ernest Hemingway na mke wake iligonga waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison, ikaanguka. Walilala usiku ule nje, juu ya kilima, wakisikiliza tembo. Kesho yake wakaona bato ya watalii inapanda mto, wakapiga kelele, ikawachukua mpaka Butiaba. Jioni ileile walipanda ndege nyingine, nayo ikashika moto kabla ya kuruka. Hemingway alitoka ameumia kichwa vibaya, huku magazeti ya dunia yakiandika kwamba amekufa. Tunamsimulia rafiki yetu mfadhili kisa hiki ili ajue kwamba kuogopa ndege ndogo za sehemu zetu kuna historia.

Halafu mambo yalikwisha haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua kubwa zilipandisha maji ya maziwa yote. Butiaba ikafunikwa, Namasagali ikaharibika. Robert Coryndon ilizama palepale bandarini, na mabaki yake yakakaa majini miaka na miaka mpaka watu wakaikata chuma. Reli ikafika Pakwach mwaka 1964, na mtu wa West Nile hakuhitaji tena bato kwenda kusini. Namasagali ikafunguliwa shule ndani ya majengo ya bandari. Sisi wa timu tulipita Butiaba mwaka jana, tulipotoka kuwasalimia ndugu zetu kambini Kyangwali. Ni kijiji cha wavuvi. Samaki wadogo wameanikwa juu ya mchanga, watoto wanacheza, na kijana aliyetuonyesha mahali bato ilipozama alisema yeye mwenyewe hakuiona, aliambiwa na babu yake. Kabla ya kuondoka alitaka kujua kama tunanunua samaki.

Tukigeuka upande wa magharibi wa milima yetu, kuna mto mwingine, na huu ni wetu kabisa. Kati ya Kisangani na Kinshasa mto Kongo unapandwa na bato kilomita zaidi ya 1,700 bila kizuizi. Joseph Conrad alipanda ndani ya Roi des Belges mwaka 1890, akatoka Kinshasa mwanzo wa mwezi wa nane na kufika Stanley Falls siku ya kwanza ya mwezi wa tisa. Jambo moja wasomaji wengi hawalioni: bato ile haikutembea usiku. Jua likizama, kapita alifunga kamba ufukoni. Mchanga wa mto unahama, miti imelala chini ya maji, na hakuna aliyeweza kuona. Usiku ulikuwa wa kukata kuni za kesho, na wanaokata si abiria. Baadaye serikali ya Wabeleji ilijaza mto mzima alama, ikapima vina, ikaweka vituo vya kuni ambavyo wanavijiji walilazimishwa kuvijaza. Bato zikawekwa taa kali mbele, na kidogo kidogo zikaweza kutembea gizani.

Sisi tunaona hapo ndipo siri ya safari ya kulala. Abiria wa daraja la kwanza alilala vizuri sababu kulikuwa na mtu mbele na taa, mtu mwingine na fimbo ya kupima maji, mtu chini kwenye moto, na nyuma yao ofisi nzima iliyopiga rangi alama za mto kila mwaka. Alilipia kitanda, na ndani ya bei ile kulikuwa na watu wanaokesha.

Baada ya uhuru, bato za ONATRA ziliendelea. Wazee wetu waliosoma Kisangani wanakumbuka Colonel Ebeya, bato kubwa iliyosukuma majahazi kadhaa mbele yake, kijiji kizima kinachotembea, na soko, na mama wanaopika, na mamba aliyefungwa mdomo, na nyani waliokaushwa kwa moshi, na wavuvi wanaokuja na pirogi usiku kuuza samaki bila bato kusimama. Safari ilichukua wiki, mara nyingine zaidi. Nchi ilipodidimia katika miaka ya 1990, Mobutu mwenyewe alipenda kukaa ndani ya bato yake Kamanyola, mbali na mji. Alama za mto hazikupakwa rangi tena. Mahali pa bato za serikali paliingia balenyeri za mbao, zilizotengenezwa ufukoni bila fundi wa kupima, na motere moja, mizigo juu ya watu na watu juu ya mizigo. Mwezi wa pili 2021 moja ilizama karibu na kijiji cha Longola Ekoti, Mai-Ndombe, ikiwa na watu karibu 700. Waziri alitaja kutembea usiku kati ya sababu, na serikali imekataza mara nyingi. Lakini mwenye balenyeri anatembea usiku sababu usiku hakuna kizuizi cha kulipa, na abiria anakubali sababu hana ingine.

Hatutaki kusahau Wakongo waliosafiri mtoni kama askari. Mwaka 1941 wanajeshi wa Force Publique walitoka Stanleyville na Watsa kwa magari, wakapita Aba mpaka Juba, wakashuka Nile nyeupe na bato mpaka Malakal, ili wapigane na Waitalia kule Ethiopia. Asosa, Gambela, Saio: majina haya wazee waliyajua kwa wimbo wa shule. Mwezi wa saba mwaka ule majenerali wa Italia walijisalimisha Saio. Askari wale walilala juu ya Nile wiki nzima ao zaidi, nchi ya kigeni, bila kujua kama watarudi.

Na sasa tufike kwa mama yetu.

Baada ya kikao tulikwenda nyumbani kwake. Alituruhusu tuandike, bila jina. Mwaka 2003 alikuwa anafanya biashara ya samaki Tchomia, kama Wanande wengi waliokuwa upande wa Bunia wakati ule. Vita vya Ituri vilipofika alikimbilia ufukoni na watoto wanne na mama mkwe. Mwenye bato aliomba pesa, wakatoa, wakatoa na pikipiki ya jirani. Walipanda usiku ili wenye bunduki wasiwaone. Ziwa pale lina upana wa kilomita 30 hivi, ni safari ya masaa kidogo. Katikati motere ilikufa.

"Ile usiku hatukulala," alisema. "Tulikuwa tunahesabu batoto. Tunahesabu, tunafika ine, tunaanza tena. Mama mkwe njo alikuwa anasema majina, mimi ninagusa vichwa. Asubuhi hatuone upande wa Uganda wala wa Congo. Usiku ya pili njo upepo ikatusukuma."

Walifika wote sita. Ndani ya bato ileile wengine hawakufika, na hilo hakutaka kulieleza, nasi hatukuuliza. Alikaa Kyangwali miaka, akarudi Butembo kwa njia ya Mpondwe na Kasindi, kwa gari. Tangu siku ile hajapanda bato. Hata Kyavinyonge, ambako dada yake aliolewa, haendi ufukoni.

Wanachama wengi wanajua kwamba hatari si ya kukimbia tu, ni ya kurudi pia. Tarehe 22 mwezi wa tatu 2014 wakimbizi wa Kongo waliotoka Kyangwali walikuwa wanarudi nyumbani, kwa pesa yao, bila msafara wa HCR. Bato ilikuwa imejaa kupita kiasi. Ilizama kwenye ziwa Albert, na serikali ya Kinshasa ilitangaza watu 251 waliokufa na siku tatu za kilio cha taifa. Wengi walikuwa watoto. Hawa walikuwa watu kama sisi. Wamevumilia kambi miaka yote, wamesikia kwamba kwao kuna utulivu, wamefunga mizigo, wamewavalisha watoto nguo nzuri za kurudia. Kisha mwanzo wa 2018, Djugu ilipowaka tena, makumi ya maelfu walivuka upande mwingine kwenda Sebagoro, kwa mitumbwi ya wavuvi, na kipindupindu kikawapokea Kyangwali.

Inawezekana kurudi kwa bato vizuri, na hilo pia ni historia. Mwaka 1997, ile Liemba ya ziwa Tanganyika, bato ya Wajerumani ya 1913 iliyozamishwa katika vita na kuvutwa tena juu, iliwarudisha Wakongo toka Kigoma mpaka Uvira. Na kuanzia mwaka 2012 HCR iliwarudisha watu zaidi ya 100,000 waliokimbia vita vya Dongo, kwa kuvuka mto Oubangui toka upande wa Brazzaville. Watu waliandikwa, wakapewa jile za kuelea, bato ikahesabiwa watu wake kabla ya kuondoka. Hakuna ufundi mgeni hapo. Ni yale mambo ambayo msafiri wa Robert Coryndon aliyapata mwaka 1930 bila kuyaona.

Komite ilikutana tena. Kulikuwa na swali ambalo limekuwa linazunguka tangu mwaka jana: familia kumi na moja za wanachama wetu ziko bado Kyangwali, zinataka kurudi, na baadhi zinasema ziwa ni rahisi kuliko barabara ya kuzunguka Fort Portal, Kasese na Mpondwe. Ni kweli, ni rahisi kwa pesa. Wengine walitaka mfuko wa ushirika ulipe bato, kila familia ijipange. Tulibishana mpaka saa kumi na moja jioni. Vijana walisema barabara ya Kasindi nayo si salama, na hawakosei, tuna majina ya waliouawa juu yake. Mama yetu aliinua mkono mara moja tu. Aliuliza: "Nani atahesabu batoto?"

Komite iliamua hivi. Mfuko utalipa gari mpaka Mpondwe kwa familia zinazokubali kuzunguka, na chakula cha njiani. Familia ambayo lazima ivuke ziwani, sababu kwao ni Kasenyi ao Tchomia, itasaidiwa kwa masharti matatu: mchana, bato isiyojaa, na jile moja kwa kila mtu, mtoto wa mgongoni akihesabiwa. Tumepiga hesabu ya jile 60, kubwa na ndogo. Zitakaa upande wa Uganda kwa mwanachama wetu tunayemwamini, na zitarudishwa baada ya kila safari. Msimamizi wa mfuko yuko na karatasi ya bei, anayetaka kuiona apite biro siku za kazi.

Rafiki yetu mfadhili tumemjibu. Tulimwambia kwamba bato yenye vyumba toka Butiaba haipo tena, imezama kabla wengi wetu hatujazaliwa. Lakini akifika Uganda anaweza kufanya safari ya mchana kwenye Nile, toka Paraa mpaka chini ya maporomoko, aone viboko, na alale kitandani hotelini. Kisha apande gari mpaka Kasindi, nasi tutamngoja kwenye mpaka na karatasi zake. Amejibu kwamba atakuja mwezi wa saba kama usalama utaruhusu, na ameuliza jile moja ni bei gani.